Mtoto wa jicho na kundi la damu la Duffy: uchambuzi wa ukoo mmoja wa Uingereza

Mwaka 1963 wataalamu wa urithi James Renwick na Sylvia Lawler walichapisha uchambuzi wa ukoo mmoja wa Uingereza uliokuwa ukirithishana mtoto wa jicho kizazi baada ya kizazi. Kwenye maandiko ya kitaalamu ukoo huo hutajwa kwa herufi mbili tu, "Ev." Nani ana ugonjwa na nani hana kulijulikana kwa kuwapima macho. Damu zao zikapimwa makundi mbalimbali, kisha likatafutwa kundi lolote linaloshuka kwa watoto pamoja na ugonjwa. Likapatikana moja: Duffy.

Miaka 5 baadaye ugonjwa huo ukawa wa kwanza kati ya magonjwa ya kurithi ya binadamu kujulikana uko kwenye kromosomu ipi miongoni mwa zile zisizo za jinsia. Ikapita miaka 30 mingine ndipo herufi yenyewe iliyobadilika kwenye DNA ikaonekana.

Mtu akisikia kwamba mtoto wa jicho "umeambatana na kundi la damu", haraka hufikiri kwamba damu ya aina fulani inaharibu macho, au kwamba mwenye kundi fulani asioe kwenye ukoo fulani. Kisa cha Ev. kinaonyesha kwa nini hilo si kweli, tena kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifuatilia.

Ugonjwa wenyewe

Mtoto wa jicho wa ukoo huu ni tofauti na ule wa uzeeni. Ukungu wake ni chembechembe laini kama unga, zimetapakaa katikati ya lenzi, kwenye tabaka zilizojengeka mtoto akiwa bado tumboni. Tabaka za nje zinaweza kuwa safi kabisa. Kwa hiyo mtu mmoja huona vizuri kiasi cha kutojua kama ana tatizo, na ndugu yake wa tumbo moja anahitaji upasuaji akiwa mtoto.

Hapo ndipo kazi ya kuchora ukoo inapoharibika kirahisi. Ukimuuliza mtu "unaona vizuri?" akajibu ndiyo, ukamwandika mzima, umeharibu hesabu nzima. Kila mwanaukoo apanuliwe mboni kwa dawa ya matone, kisha achunguzwe lenzi kwa darubini ya macho yenye mwale mwembamba wa mwanga. Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji hana tena lenzi ya kuchunguza, hivyo itafutwe kumbukumbu ya hospitali. Na mtoto aliyezaliwa na ukungu kwa sababu mama aliugua rubela wakati wa ujauzito hahesabiwi kuwa mgonjwa wa ukoo, hata kama jina lake limo kwenye mchoro. Huyo mara nyingi ana pia kasoro ya moyo au uziwi, na hivyo ndivyo anavyotambulika.

Urithi wake ni wa kutawala. Nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 2, awe wa kiume au wa kike. Baba akimrithisha mwanawe wa kiume, tayari umeifuta kromosomu X kwenye orodha, kwa kuwa mwana wa kiume hapokei X ya baba. Zinabaki kromosomu 22, na mwaka 1963 hapakuwa na njia ya kuziangalia moja moja na kusema jeni gani iko wapi.

Kwa nini damu

Leo alama za kufuatilia DNA ni nyingi mno. Wakati ule zilikuwa chache, na zilizo bora zilikuwa makundi ya damu: hayabadiliki maishani, hurithiwa kwa kanuni iliyo wazi, na hupimwa kwa matone machache. ABO, Rhesus, MNS, Kell, Duffy, kila moja ni bendera iliyosimama mahali fulani kwenye kromosomu, ingawa hakuna aliyejua ni kromosomu ipi.

Duffy iligunduliwa London mwaka 1950, kwa mgonjwa wa hemofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi hadi mwili wake ukatengeneza kingamwili dhidi ya antijeni (alama iliyo juu ya chembe nyekundu) isiyojulikana. Antijeni hiyo ikaitwa Fya. Mwaka uliofuata ikapatikana kingamwili dhidi ya mwenzake, Fyb. Mwenye aleli zote mbili, yaani matoleo yote mawili ya jeni, huandikwa Fy(a+b+), mwenye Fya pekee Fy(a+b-), mwenye Fyb pekee Fy(a-b+). Mwaka 1955 ikajulikana kwamba Wamarekani weusi wengi hawana hata moja: Fy(a-b-). Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwetu, na tutalirudia.

Hesabu ilivyo

Jeni mbili zilizo karibu kwenye kromosomu moja ni kama abiria wawili waliokaa viti vya jirani: mara nyingi huteremka pamoja. Lakini kila mbegu au yai linapotengenezwa, kromosomu ya baba na ya mama hubadilishana vipande. Jeni zikiwa mbali, kipande huvunjika katikati yake mara nyingi na jeni hizo hutengana. Zikiwa jirani sana, kutengana ni nadra.

Tuchukue familia ya mfano. Babu ana mtoto wa jicho na damu yake ni Fy(a+b-). Bibi ni mzima, Fy(a-b+). Mwana wao ana ugonjwa na ni Fy(a+b+). Tunajua basi kwamba Fya yake imetoka kwa babu, na ugonjwa pia umetoka kwa babu, kwa hiyo viwili hivi vimekaa kwenye kromosomu ileile. Mwana huyu anaoa mke mzima wa Fy(a-b+). Mke anaweza kutoa Fyb tu. Mtoto akizaliwa Fy(a+b+) amepokea Fya ya baba. Akizaliwa Fy(a-b+) amepokea Fyb ya baba. Sasa kila mtoto anasomeka: mgonjwa mwenye Fya, au mzima asiye na Fya, ni "pamoja". Mgonjwa asiye na Fya, au mzima mwenye Fya, ni "ametengana".

Watoto 10 wakiwa wote "pamoja", je, ni bahati tu? Kama jeni hizo hazina uhusiano, kila mtoto ana nafasi nusu, na wote 10 ni nusu mara 10, yaani 1 kati ya 1024. Wataalamu huiandika kwa logi ya msingi 10: logi ya 1024 ni 3.01. Hiyo huitwa alama ya lod, na tangu Newton Morton alipoweka kanuni mwaka 1955, alama ya 3 ndiyo mpaka wa kukubali kwamba jeni mbili zimeambatana. Si mpaka wa ukali wa bure. Ukijaribu makundi mengi ya damu kwenye ukoo mmoja, moja litaonekana limeambatana kwa bahati tu usipoweka mpaka wa juu.

Sasa tazama nguvu ya mtoto mmoja. Chukua watoto 12, 11 pamoja na 1 ametengana. Kadirio bora la kutengana ni 1 kwa 12, na alama inashuka hadi 2.12, yaani takriban 131 kwa 1. Bado ni nzito, lakini haivuki mpaka. Na usipojua damu ya babu na bibi, hujui Fya ilikaa upande gani tangu mwanzo. Watoto 10 walewale waliokupa 3.01 sasa wanakupa 2.71. Ndiyo maana ukoo mrefu wenye wazee walio hai una thamani kuliko familia nyingi ndogo zisizo na wazee.

Mtoto huyo mmoja aliyetengana ana ushahidi mwingine mkubwa zaidi. Kama Fya yenyewe ndiyo ingekuwa inaharibu lenzi, asingeweza kuwepo mgonjwa asiye na Fya wala mzima mwenye Fya aliyoipata kwa baba huyo. Akishapatikana mmoja tu, aliyethibitishwa macho na damu, dhana ya kwamba kundi la damu ndicho chanzo imekufa papo hapo. Kinachobaki ni ujirani.

Na ujirani hauchagui aleli. Katika ukoo mmoja ugonjwa unaweza kushuka na Fya, katika ukoo mwingine wenye badiliko lilelile ukashuka na Fyb, kutegemea aliyebadilika jeni kwanza alikuwa na nini kwenye kromosomu hiyo. Kwa hiyo ukikusanya wagonjwa wa koo mbalimbali na kuhesabu nani ni Fya na nani ni Fyb, unaweza usione chochote, na bado jeni hizo ni jirani kabisa. Kinyume chake, ndani ya ukoo mmoja uhusiano unaonekana wazi kama mchana.

Kutoka ujirani hadi kromosomu namba 1

Renwick na Lawler walijua majirani ni nani, hawakujua mtaa. Mtaa ulipatikana mwaka 1968 na Roger Donahue, aliyekuwa mwanafunzi wa Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani. Alipokuwa akitazama kromosomu zake mwenyewe kwa darubini aliona moja ya zile namba 1 ina sehemu iliyorefuka isivyo kawaida karibu na kiuno chake. Haikumdhuru kitu. Akapima jamaa zake, akaona umbo hilo linarithiwa, akapima na makundi yao ya damu. Likashuka pamoja na Duffy. Renwick alikuwa miongoni mwa walioandika naye.

Basi: Duffy iko kwenye kromosomu 1, mtoto wa jicho wa ukoo wa Ev. uko jirani na Duffy. Kwa hiyo jeni yake iko kwenye kromosomu 1. Familia mbili zisizojuana, moja ya Uingereza na moja ya Marekani, zimeungana kwa antijeni moja ya damu. Hatua hii inastahili kuthaminiwa kuliko inavyothaminiwa. Renwick na Lawler hao hao, mwaka 1955, walikuwa wameshaonyesha kwamba ugonjwa wa kucha na kifuniko cha goti umeambatana na ABO, lakini ABO yenyewe haikuwa na kromosomu inayojulikana, hivyo ugonjwa ule ulibaki na jirani asiye na anwani. (Ugonjwa huo nao una upande wa macho: wenye nao wamo kwenye hatari zaidi ya glakoma, yaani presha ya macho. Jeni yake, LMX1B, iko kwenye kromosomu 9, kama ilivyo ABO.)

Herufi moja

Mwaka 1998 Alan Shiels na wenzake walirudi kwenye matawi mawili ya ukoo wa Ev. yenye undugu wa mbali. Ukoo ulikuwa umefikia vizazi 8. Badala ya makundi ya damu walitumia alama za DNA. Alama ya D1S2669 ilitoa lod ya 4.52 bila mtoto hata mmoja aliyetengana, na D1S514 ikatoa 4.48. Ndani ya eneo hilo kulikuwa na jeni ambayo tayari ilishukiwa kwa kazi yake: GJA8, inayotengeneza protini ya koneksini 50.

Wakaisoma yote. Kwenye kodoni ya 88 (kodoni ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja ya protini) herufi C ilikuwa imegeuka T, na asidi amino ya prolini ikawa serini. Badiliko hilo huandikwa P88S. Kwa bahati nzuri ya kimaabara, herufi hiyo mpya inatengeneza mahali ambapo kimeng'enya cha MnlI hukata DNA, kwa hiyo haikuwa lazima kusoma DNA ya kila mtu. Unazidisha kipande kwa PCR, unakichanganya na kimeng'enya, unakiendesha kwenye jeli, na mwenye badiliko anaonyesha vipande vya ziada.

Kwa nini nakala moja mbovu inashinda nakala nzima? Lenzi haina mishipa ya damu, na seli zake za katikati zimetupa viini vyake ili mwanga upite. Zinaishi kwa kupitishiana maji, chumvi na lishe kupitia vijia vidogo kati ya seli na seli. Kila kijia kina nusu mbili, na kila nusu imejengwa kwa koneksini 6, jumla 12. Mwenye badiliko hutengeneza koneksini nzima na mbovu kwa pamoja. Zikichanganyika bila mpangilio nusu kwa nusu, uwezekano wa kupata nusu ya kijia yenye koneksini nzima zote 6 ni 1 kati ya 64, na kijia kamili chenye 12 nzima ni 1 kati ya 4096. Majaribio ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba P88S haifungui njia, na ikichanganywa na koneksini nzima huizuia nayo isifanye kazi. Baadaye ikaonekana kwamba protini hiyo hujikusanya madonge ndani ya seli. Seli za katikati ndizo zilizo mbali zaidi na maji ya jicho, ndizo huathirika kwanza, na ndiyo sababu ukungu huanzia katikati.

Duffy yenyewe, leo jeni yake ikiitwa ACKR1, iko takriban herufi milioni 11 kutoka GJA8. Protini yake hushika kemikali zinazoita seli za kinga. Haijulikani kuwa na kazi yoyote ndani ya lenzi.

Jambo moja zaidi ambalo wasomaji wa kisa hiki husahau: ukungu wa unga wa katikati ya lenzi, ukionekana vilevile kabisa kwa darubini, kwenye koo nyingine hutokana na GJA3 iliyoko kromosomu 13, inayotengeneza koneksini 46. Ukichanganya ukoo wa aina hii na ukoo wa Ev. kwenye hesabu moja ya Duffy, wa kwanza utaifuta alama ya wa pili. Kila ukoo uhesabiwe peke yake kwanza.

Kama ukoo huu ungekuwa wa Mwanza au Kilifi

Uchambuzi wa mwaka 1963 ungekwama siku ya kwanza. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara ni Fy(a-b-). Sababu ilijulikana mwaka 1995: herufi T imegeuka C kwenye swichi ya jeni ya Duffy, ile inayowashwa na seli zinazotengeneza chembe nyekundu. Jeni yenyewe ni nzima na hutumika kwenye mishipa ya damu, ila chembe nyekundu haziivai. Badiliko hili limeenea kwa sababu malaria ya vivax huingia kwenye chembe nyekundu kwa kushika Duffy, ingawa tangu 2010, kwa kazi iliyofanyika Madagaska, inajulikana kwamba kinga hiyo haijakamilika.

Mgonjwa akiwa Fy(a-b-) hana aleli mbili za kutofautisha, na watoto wake wote wanapokea kitu kilekile kisichoonekana. Familia inaweza kuwa na watoto 15 na lod ikabaki sifuri. Hesabu ingetegemea ABO na MNS, ambayo hayako kwenye kromosomu 1, au Rhesus, ambayo iko kwenye kromosomu hiyo lakini mbali mno na jeni hii.

Pwani kuna hali nyingine inayohitaji umakini zaidi. Katika familia zilizochanganya damu ya Kiafrika na ya Kiarabu au Kihindi, mtu anayesomeka Fy(a+b-) anaweza kuwa na Fya moja na nakala moja ya kimya. Mtaalamu aliyefunzwa kwa vitabu vya Ulaya atamwandika ana Fya mbili. Baba wa namna hiyo akizaa na mama wa Fy(a-b+), mtoto anaweza kuzaliwa Fy(a-b+) kwa haki kabisa: Fyb ya mama na nakala ya kimya ya baba. Akisomwa vibaya, ripoti inasema mtoto si wa baba huyu. Ndoa inaweza kuvunjika kwa kosa la kusoma karatasi. Duffy isitumike kamwe kukataa ubaba kwetu bila kupima ile herufi ya swichi kwenye DNA. Upande wa pili, baba huyohuyo akioa mke wa Fy(a-b-), watoto wake wanasomeka vizuri kabisa kwa hesabu ya uambatano: wenye Fya na wasio nayo.

Mahali kipimo cha Duffy kinapokosewa

Kingamwili za Duffy kwa kawaida ni za IgG, hazigandishi chembe zenyewe; zinahitaji kipimo cha Coombs kisicho cha moja kwa moja, ambacho huongeza seramu inayoshika kingamwili hizo ili chembe zigande. Chembe huwekwa na seramu kwenye nyuzi 37 kwa dakika zinazotakiwa na mtengenezaji, huoshwa mara 3 au 4, ndipo seramu ya Coombs inaongezwa. Kuosha kwa haraka ndiko kunakoleta hasi za uongo: protini iliyobaki kwenye mrija hula seramu ya Coombs yote. Kila hasi ihakikishwe kwa chembe zilizopakwa IgG. Zisipoganda, kipimo kirudiwe.

Chembe zilizotibiwa kwa papaini au fisini zisitumike hapa, maana vimeng'enya hivyo hukata Fya na Fyb na kila mtu ataonekana Fy(a-b-). Kidhibiti chanya kiwe cha mtu mwenye Fy(a+b+), kwa sababu ana nusu ya kipimo cha kila antijeni. Seramu dhaifu inaweza kumsoma mwenye nakala mbili na kumkosa mwenye moja. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 asipimwe kwa seramu, apimwe DNA. Mgonjwa ambaye kipimo chake cha Coombs cha moja kwa moja ni chanya, yaani chembe zake tayari zimeshikwa na kingamwili, naye ni hivyohivyo.

Familia yenye ugonjwa huu leo

Kundi la damu halina tena kazi katika kuitambua. Familia ikiwa na watu wa vizazi viwili au zaidi waliopata mtoto wa jicho utotoni, mchoro wa ukoo uandikwe ukionyesha umri ugonjwa ulipoonekana, kisha ndugu wote wapimwe macho wakiwa wamepanuliwa mboni, hata wasio na malalamiko. Palipo na uwezo wa kupima DNA, husomwa jeni nyingi za mtoto wa jicho kwa pamoja, GJA8 na GJA3 zikiwemo, kuanzia kwa mgonjwa ambaye hana shaka.

Mtoto anayezaliwa na mzazi mgonjwa aangaliwe mwako mwekundu wa jicho kabla ya kutoka wodi ya wazazi. Chumba kitiwe giza, kifaa cha kuangalia jicho kishikwe umbali wa mkono, macho yote mawili yatazamwe kwa pamoja. Doa jeusi, weupe, au jicho moja kung'aa tofauti na jingine ni sababu ya rufaa siku hiyohiyo, si ya kusubiri kliniki ya chanjo. Ukungu mzito wa macho yote mawili hufanyiwa upasuaji karibu wiki ya 6 hadi ya 8, kwa sababu ubongo wa mtoto usiopata picha safi wakati huo haujifunzi kuona, na lenzi nzuri ya baadaye hairudishi kilichopotea. Hospitali za CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na hospitali ya macho ya Kikuyu nchini Kenya hupasua watoto. Ukungu hafifu wa unga kama wa ukoo wa Ev. unaweza kuachwa bila upasuaji, lakini mtoto apimwe kila baada ya miezi michache, akiangaliwa kama anafuata uso na mwanga kwa macho yote mawili na kama jicho moja linaanza kupinda.